Punda bingwa wa Amu ana kansa, na sisi tunabishana jambo lililochelewa

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, habari sasa ni moja tu, ukiingia grupu yoyote ya WhatsApp ama ukikaa baraza yoyote kuanzia Langoni mpaka Mkomani utaikuta: yule punda aliyeshinda mbio za Maulidi, yule kijivu mwenye duara nyeupe machoni, ana kansa ya jicho na imeshashuka kwenye tezi za chini ya taya. Mwenyewe ameomba asitajwe jina mitandaoni, basi nami simtaji, watu wa Amu wanamjua. Kuna kundi linachangisha pesa apelekwe Nairobi, kuna kundi linasema apigwe sindano apumzike, na kuna kundi linasema kumuua ni haramu na kila mwenye kulisema hilo atubu. Mimi nimewasikiliza wote na naona wote wanasukumana kwenye mlango wa mwisho. Swali la auawe ama aachwe ni swali la maana na nitasema ninavyoona, lakini silo lililomfikisha huyu mnyama hapa. Kilichomfikisha hapa ni ile miezi ambayo jicho lilikuwa linatoa machozi na kile kinyama kilikuwa kidogo, kila mtu anakiona, na sisi bado tunamshangilia pwani. Na kama dini yetu ni nzito kuufungua mlango wa mwisho, basi jukumu letu kwenye mlango wa kwanza ni zito zaidi, si jepesi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe manake mengi yanayosemwa si ya kweli. Kansa za farasi na punda haziko sawa. Ile inayoonekana zaidi kwenye ngozi inaitwa sakoidi, inahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, inapenda kuota penye kidonda, na ubaya wake ni kwamba inakula pale pale ilipo na ukiikata nusu inarudi kwa hasira, lakini kwa kawaida haisambai mpaka mapafuni. Farasi wa kijivu wakizeeka wanapata melanoma, ile myeusi ya chini ya mkia. Kuna limfoma, kansa ya seli nyeupe za damu, inayokaa ndani na huioni mpaka imeshaharibu. Halafu kuna hii ya bingwa wetu, kansa ya seli bapa za ngozi, ambayo inapenda jicho na sehemu za siri na popote pale ambapo ngozi haina weusi wa kuikinga na jua. Sisi tuko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, punda wanashinda juani tangu alfajiri wanabeba mchanga na saruji, na wengine wana ngozi nyekundu nyekundu pembeni mwa jicho. Hapo jua linapiga mwaka baada ya mwaka.

Inavyoanza ni kidogo sana. Kuna kile kigozi cha ndani kwenye kona ya jicho, kinajitokeza punda akifumba jicho nusu. Hapo panaota kitu cha rangi ya waridi, kina vinundu vinundu, mtu anadhani ni uchafu ama nzi amemtia mdudu (na kweli kuna vidonda vya minyoo inayoletwa na nzi vinafanana nacho sana, ndiyo maana lazima daktari aangalie). Machozi yanatiririka mpaka manyoya ya shavu yanatoka na kubaki mfereji mtupu. Punda anajikuna uso kwenye ukuta wa matumbawe kila akipita kichochoroni. Nilimuona bingwa huyu karibu na Mkunguni akifanya hivyo hivyo, anasugua shavu ukutani na shogi liko mgongoni limejaa, na mfereji wa machozi ulikuwa umeshafika karibu na pua. Wakati uvimbe uko kwenye kile kigozi peke yake, daktari wa mifugo anampa punda dawa ya kumtuliza, anamdunga ganzi ya hapo hapo, anakitoa kigozi chote akiwa amesimama wima, na uwezekano wa kupona ni mkubwa. Ukichelewa kidogo inabidi jicho lote litolewe, na punda wa jicho moja anaishi vizuri tu na anafanya kazi. Ukichelewa zaidi inaingia kwenye mfupa wa nyuma ya jicho na kwenye tezi, na hapo tena hakuna wa kuitoa, awe wa Amu awe wa wapi.

Sasa hapa ndipo linapokuja lile neno ambalo nimelisikia sana na ambalo kwangu ndilo dhaifu kuliko yote, kwamba hata farasi wa Wamarekani wenye mamilioni walikufa na kansa sembuse punda wa Amu. Wanaosema hivi wanamtaja Lost in the Fog, na kwa sababu wanamtaja wacha tumtaje vizuri. Huyu alikuwa farasi wa mbio fupi kutoka San Francisco, mwenyewe mzee mmoja mfanyabiashara wa nyumba anaitwa Harry Aleo, mkufunzi wake Greg Gilchrist. Alishinda mbio zake 10 za kwanza mfululizo na akapewa taji la bingwa wa mbio fupi wa Marekani wa mwaka 2005. Julai 2006 akakimbia Florida akashindwa vibaya, watu wakasema kachoka. Agosti akaonekana kama ana msokoto wa tumbo, akapelekwa hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha UC Davis, wakampima wakakuta uvimbe kwenye wengu. Mwanzo wakapanga kuutoa wengu. Walipochunguza zaidi wakakuta uvimbe mwingine umeota kwa ndani kandokando ya uti wa mgongo, hauwezi kutolewa, ni limfoma. Akarudishwa kwenye banda lake Golden Gate Fields, akapewa dawa za kumpunguzia makali, na tarehe 17 Septemba 2006 wakamlaza kwa sindano. Alikuwa na miaka minne.

Kisa hicho kinasema kinyume cha wanavyotaka kiseme. Kansa ya Lost in the Fog ilikuwa ndani, kwenye wengu na mgongoni, chini ya misuli ya farasi anayekimbia vizuri na kula vizuri, na madaktari waliomzunguka hawakuwa na cha kuona mpaka siku mwili uliposhindwa. Yaani pale pesa ilikuwepo, utaalamu ulikuwepo, lakini ugonjwa ulijificha. Kwetu ni kichwa chini miguu juu. Ugonjwa ulikaa usoni. Ulikuwa mahali ambapo mtoto wa madrasa anaweza kuuonyesha kwa kidole. Na matibabu ya mwanzo hayakuhitaji mamilioni, manake shirika la kutibu punda la Donkey Sanctuary wapo hapa Amu tangu 1987 na punda wanatibiwa bure. Kwa hiyo mtu asichukue kifo cha farasi ambaye hakuna aliyeweza kumuokoa akakifanya udhuru wa punda ambaye angeweza kuokolewa. Hizo ni kansa mbili tofauti na ni habari mbili tofauti.

Wanaochangisha pesa za Nairobi mimi siwabezi hata kidogo. Vijana wamejitoa, kuna watu wa Shela na Matondoni ambao punda huyu aliwashinda mbele ya umati na bado wametuma M-Pesa, hilo ni jambo la kuheshimiwa. Hoja yao ni kwamba bingwa ametupa sifa na sisi tumlipe, na kwamba Kabete kwenye chuo cha mifugo kuna wataalamu ambao hapa hatuna. Yote mawili ni kweli. Lakini fikiria safari yenyewe. Umtie kwenye boti mpaka jeti ya Mokowe, umpandishe lori, Witu, Garsen, na bado Nairobi iko mbali, siku nzima na zaidi amesimama kwenye bati linalochemka, jicho linauma, vumbi linaingia kwenye kidonda. Na punda ana jambo ambalo wengi hawalijui: akiacha kula siku mbili tatu tu, kwa maumivu ama kwa hofu, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi, damu inajaa mafuta, ini linaelemewa, na hiyo peke yake inamuua hata kabla ya kansa. Huyu ameshapunguza kula. Tukimpakia tunaweza kumuua njiani kwa mapenzi yetu, na tukimfikisha, ataambiwa yale yale aliyoambiwa hapa, kwamba imefika kwenye tezi. Safari ingekuwa na maana mwanzoni, na mwanzoni haikuhitajika safari.

Kuna hoja nyingine ambayo ina uzito zaidi na inanigusa, inasemwa zaidi na kina mama: hapa kuna binadamu wana kansa, kuna mama zetu wanapanda basi mpaka Mombasa kutafuta matibabu, wengine wanaacha katikati kwa kukosa nauli, na nyinyi mnachangia punda? Siwezi kumwambia mama huyo amekosea. Kama pesa ni hizo hizo na lazima zichague, ziende kwa binadamu, hilo halina mjadala. Lakini naona kwamba wagonjwa hao na punda huyu wameumizwa na kitu kimoja, nacho ni kuchelewa. Ni uvimbe ulioonekana ukaambiwa utaondoka wenyewe, ni aibu ya kusema, ni dawa ya kuazima kwa jirani. Mtaa uliozoea kuona kinyama kwenye jicho la punda kinakua na kusema "ah, ni nzi tu" haushindwi kusema hivyo hivyo kwa titi la dada yake. Nasema hivi kwa uchungu wala simlaumu mtu.

Halafu jicho la hasidi. Wengi wanaamini bingwa kahusudiwa siku ile ya mbio, mbele ya umati wote ule, na kwamba ndiyo maana jicho ndilo lililopigwa. Mimi ni Muislamu, siwezi kukataa kwamba husuda ipo. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu ngamia alisema mfunge kisha mtegemee Mungu, na anayeamini jicho amsomee punda wake na ampeleke kliniki siku hiyo hiyo, hakuna kinachogongana hapo. Shida ni wale waliosoma wakaacha kumpeleka, na mbaya zaidi ni waliochoma. Kabla ya daktari kuitwa punda huyu alishatiwa tetrasaiklini ya tyubu ndogo ya macho ya watoto, alishawekwa chumvi, na mtu mmoja akamchoma chuma cha moto chini ya jicho ati kukata mzizi. Imo kwenye Sahih Muslim kwamba Mtume alipita akamuona punda amepigwa chapa ya moto usoni akamlaani aliyefanya hivyo. Punda! Usoni! Mtu hahitaji kuwa mwanachuoni kuielewa hiyo. Na kitabibu pia moto haukati mzizi wowote, unafanya kidonda juu ya kansa na kansa inaendelea chini yake.

Sasa nifike kwenye sindano. Wanaosema haramu hawajatunga. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambavyo ndivyo vinavyosomeshwa kwetu, vinasema mnyama asiyeliwa hachinjwi hata kama nia ni kumpumzisha, na mfano wanaoutoa wanazuoni ni huyo huyo punda aliyeishiwa na nguvu kwa maradhi. Kwa hiyo anayemcheka shekhe kwenye grupu na kumwita mshamba hajui anachokicheka. Upande wa pili upo pia na una wenyewe: Wahanafi, madhehebu nyingine, wameruhusu kumpumzisha mnyama asiye na tumaini, na wapo wanazuoni wa zama hizi wameruhusu, wakitegemea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba kumwacha mnyama kwenye adhabu isiyo na mwisho si wema. Mimi moyo wangu uko kwa hawa wa pili. Nimeona maumivu ya punda huyu na sioni nani anafaidika nayo. Lakini hilo ni la mwenye punda, shekhe wake na daktari wakae watatu, si la watu mia mbili kwenye simu.

Ila nina neno kwa wanaoshikilia haramu, na naomba walipime. Ukisema asiuawe, hujamaliza, ndiyo kwanza umeanza. Hukumu hiyo inakudai. Inakudai asibebeshwe hata kopo, akae kivulini, apelekewe maji na nyasi mbichi za kulainika mpaka mdomoni, jicho lisafishwe na nzi wazuiwe, na apewe dawa ya maumivu kwa muda sahihi, manake mwili wa punda unaitoa dawa kama fenilbutazoni haraka kuliko wa farasi, dozi ya farasi ukimpa punda kwa saa za farasi anakaa na maumivu muda mrefu katikati. Na inakudai ujue kwamba punda haonyeshi maumivu kama sisi tunavyotaka aonyeshe. Farasi atajigaragaza, punda atasimama tu kimya kichwa chini, watu wapite waseme leo katulia. Nani kati ya wanaosema haramu amekwenda kumfukuzia nzi? Najua wawili, Mungu awalipe. Wengine wamesema haramu wakalala. Kumnyima punda sindano na kumnyima uangalizi pia, hiyo haimo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

(Wapo pia waliosema angeuzwa mapema kwa wanunuzi wa ngozi. Kenya iliruhusu machinjio ya punda 2012, ikayapiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Tumeona punda wakiibiwa na kuchinjwa vichakani nchi nzima kwa ajili ya biashara hiyo. Sina zaidi la kusema kwa mtu anayetaka kumpeleka bingwa huko.)

Kinachonisumbua kuliko yote ni kwamba ubingwa wenyewe ndio uliomchelewesha. Tuseme ukweli. Angekuwa punda wa kawaida, jicho likianza kutoa usaha mwenye mzigo angelalamika, angeambiwa nenda kliniki. Lakini bingwa akionekana mgonjwa anashuka thamani, wapinzani watasema, kijana anayempanda atasikitika, na Maulidi yanakaribia. Kwa hiyo jicho likafutwa kwa kitambaa asubuhi ya mbio, akapangwa pwani na wenzake, akashinda, na kushinda kwake kukawa ushahidi kwamba hana kitu. Mnyama anaweza kukimbia vizuri na kansa ndani yake, Lost in the Fog alikimbia, bingwa wetu alikimbia. Mbio hazipimi afya. Zinapima mbio. Na kwa sababu Amu ina punda wapatao 3,000 kisiwani na mitaa ambayo gari haipiti, karibu kila tofali na kila mfuko wa saruji uliojenga nyumba hizi ambazo dunia inazihifadhi umepita mgongoni mwao, sisi tungepaswa kuwa watu wanaojua jicho la punda kuliko watu wowote, lakini tunajua miguu tu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwa wanaopanga mbio, za Maulidi na zile za tamasha la utamaduni. Punda asikimbie bila kuangaliwa na daktari wa mifugo siku chache kabla, macho, mdomo, mgongo na sehemu za siri, na mwenye punda apewe karatasi. Akikutwa na uvimbe asikimbie, lakini nafasi yake ihifadhiwe mwaka ujao ili mtu asiwe na sababu ya kuficha. Hilo la nafasi ndilo muhimu, manake ukimwadhibu anayesema ukweli hakuna atakayesema. Waamuzi wapewe ruhusa ya kumtoa punda pale pale mstarini akionekana na jicho linalotiririka, hata akiwa bingwa, hata umati ukizomea. Na zile pesa zilizochangwa za lori la Nairobi, mwenye punda ameshasema hazitaki kwa safari, basi mimi naomba waliozichanga wakubali zilipie dawa za maumivu na nyasi za huyu mpaka mwisho wake utakavyokuwa, na zinazobaki ziwe nauli ya daktari kwenda Matondoni, Kipungani na Pate kuangalia macho ya punda ambao hawajawahi kushinda chochote.